Ule mwaka 1847, na mswada wako uliorudi

Shoga angu,

Meseji yako ya jana nimeisoma mara tatu. Mswada umerudi, na kijibarua cha mistari miwili, "hauendani na mahitaji yetu kwa sasa", basi. Nikataka nikupigie nikaona hapana, kwenye simu ningeishia kukwambia pole pole na wewe ungejibu haina shida mwaya, kumbe umejifungia chumbani unalia. Kwahiyo nakuandikia barua kabisa, ndefu, kama zile tulizokuwa tunaandikiana likizo.

Unakikumbuka kile kitabu cha Jane Eyre tulichokuwa tunagombania maktaba ya shule, kile kilichofupishwa, kimetoka jalada na kurasa za mwisho hazipo, tukawa tunabuni wenyewe kama Jane alirudi kwa mpenzi wake Rochester au alienda zake? Mwezi mzima huu nasoma habari za mwaka kilipotoka, 1847, na za yule dada aliyekiandika, Charlotte Brontë, na wadogo zake Emily na Anne, na kuna kitu humo kimenikaa kifuani, hata kabla ya meseji yako nilitaka nikusimulie.

Hawa walikuwa mabinti wa kasisi, wanaishi Haworth, kijiji cha kilimani huko Yorkshire, Uingereza, nyumba imezungukwa na makaburi upande mmoja na nyika ya upepo upande mwingine. Mama alifariki wakiwa wadogo. Usiku baba akishalala wao watatu wanazunguka meza ya chakula, wanazunguka wanazunguka, kila mtu anasimulia alichoandika na wenzake wanamkosoa. Nikisoma hapo nakumbuka sisi na lile taa la chemli bwenini.

Sasa mwaka 1846 walichanga hela za urithi walioachiwa na mama yao mkubwa, wakalipa wenyewe kitabu cha mashairi kichapishwe, kwa majina yanayosikika kama ya kiume, Currer, Ellis na Acton Bell, kwa sababu walishaona mwanamke akiandika hasomwi kwa jicho lile lile. (Uliniuliza kuhusu kutumia jina la mwanaume, hiyo tutaongea, mimi sipendi lakini naelewa.) Mwaka mzima zikauzwa kopi mbili. Mbili! Juni 1847 Charlotte akachukua baadhi ya zilizobaki akawatumia waandishi wakubwa kama Tennyson na De Quincey bure, na kwenye barua akawaambia wazi kwamba zimeuzwa mbili tu. Nampenda sana kwa hilo, hakuficha.

Na mda huo huo riwaya zao zilikuwa zinazunguka London kwa posta, zinaenda zinarudi, kwa mwaka mmoja na nusu. Ya Charlotte, The Professor, ilirudishwa siku ile ile baba yake anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kule Manchester, Agosti 1846. Jaribu kufikiria, upo mji wa watu, baba amefungwa macho kwenye chumba cha giza, na kifurushi chako kinakurudia. Akiwa pale pale akimuuguza ndio akaanza kuandika Jane Eyre. Anaandika kwa penseli kwenye vijitabu vidogo, ameviweka karibu kabisa na uso maana macho yake yalikuwa hayaoni mbali.

Sehemu niliyotaka kukwambia hasa ni hii. Julai 1847 akaituma tena ile The Professor iliyorudi, safari hii kwa kampuni ya uchapishaji ya Smith, Elder, na karatasi ya kufungia ilikuwa ile ile ya zamani, majina ya wachapishaji watatu wanne waliokataa kabla yamekatwa kwa mstari tu, yanasomeka! Hakununua karatasi mpya wala hakuona haja ya kuficha. Kule kwenye kampuni kulikuwa na mzee mmoja kazi yake kusoma miswada, anaitwa William Smith Williams, zamani alikuwa mtunza vitabu vya hesabu kwenye kampuni ya kuchapa picha. Akaisoma. Akaikataa. Lakini badala ya mistari miwili akaandika kurasa mbili, akaeleza kilicho kizuri na kilichopungua, kwa heshima, na mwisho akasema akiwa na kazi ya juzuu tatu wataitazama kwa makini.

Charlotte mwenyewe baadae aliandika kwamba alifungua ile bahasha akitegemea mistari miwili migumu isiyo na matumaini, na kwamba kukataliwa kule kulimpa nguvu kuliko angekubaliwa kwa maneno ya hovyo. Shoga, hapo niliweka kitabu chini nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Maana wewe unajua nafanya kazi gani. Ile mistari miwili mimi ndio huwa naiandika. Miswada inakuja mingi, mshahara ule ule, jioni unataka kuwahi daladala, unachukua ile sentensi iliyozoeleka unabandika jina, unatuma. Nimewatumia watu wangapi? Na kila mmoja alikaa kitandani kama wewe jana.

Basi Charlotte alikuwa anakaribia kuimaliza ile nyingine, Jane Eyre. Tarehe 24 Agosti akaituma kwa treni. Williams akaisoma akampelekea bosi wake, George Smith, kijana wa miaka 23 tu. Jumapili baada ya chai ya asubuhi kijana akaifungua, alikuwa na ahadi ya kwenda kupanda farasi na rafiki yake, akaandika kikaratasi kwamba haji, chakula cha mchana akaletewa sandwichi pale pale mezani, na hakulala mpaka imeisha. Wakampa pauni 100. Charlotte alipokuwa mwalimu wa nyumbani kwa watu alilipwa pauni 20 kwa mwaka na wakamkata 4 za kufuliwa nguo, kwahiyo piga hesabu mwenyewe. Oktoba hiyo hiyo kitabu kikatoka. Mwandishi Thackeray, ambaye mwaka huo huo alikuwa anatoa riwaya yake Vanity Fair kila mwezi vipande vipande, kama hadithi zetu za WhatsApp zile za ITAENDELEA, aliandika kwamba kimempotezea siku nzima ya kazi.

Wadogo zake bahati haikuwa hiyo, na hapa roho inaniuma. Wuthering Heights ya Emily na Agnes Grey ya Anne zilikuwa zimekubaliwa mapema kuliko ya dada yao, na mchapishaji anaitwa Newby, ila kwa sharti watoe wao pauni 50. Wakatoa. Jamaa akakalia. Jane Eyre ilipoanza kugombaniwa ndio akakurupuka Desemba akazitoa haraka haraka, makosa waliyoyasahihisha kwenye prufu, zile kurasa za majaribio, yakabaki vile vile. Wakosoaji wengi wakaishambulia ya Emily, wakasema ni ya kikatili. Emily hakujibu mtu. Alipofariki, Desemba 1848, miaka 30 tu, kwenye kisanduku chake cha kuandikia wakakuta vipande vitano vya magazeti, maoni ya wakosoaji, amevitunza. Vitano. Mi naona hata yule alikuwa anatafuta mtu mmoja aliyemsoma vizuri. Anne akafuata Mei 1849.

Baba yao, eti, hakujua chochote mpaka Charlotte alipoingia chumbani kwake na kitabu mkononi. Wakati wa chai mzee akawaambia mabinti wengine, jamani mnajua Charlotte ameandika kitabu, na ni kizuri kuliko nilivyotegemea? Nilicheka nikatokwa machozi, nikamkumbuka mzee wako.

Sasa sikiliza. Nimeanza wiki hii kazini, kila mswada ninaoukataa naandika angalau ukurasa, bosi analalamika nachelewesha lakini nimemwambia nitakuwa nafanya nyumbani. Na wako nautaka. Nitumie ule uliorudi, alafu nitumie na ile nyingine ya yule matroni, ambayo uliniambia iko nusu na unaona aibu nayo. Kwetu siwezi kuipitisha, wewe ni ndugu yangu haitakuwa haki, ila nitaisoma yote na nitakuandikia kurasa mbili, na pale palipo pabaya nitasema ni pabaya. Tuma kwa imeli, siyo WhatsApp, ile ya picha za daftari macho yananiuma.

Jumapili hii sina ratiba yoyote.

Msalimie mama, mwambie ule mchele umefika salama.

Wako wa dawati la nyuma.