Tusikodolee macho upande mmoja tukisubiri vimondo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wenzangu wa Moshi na Arusha jambo linalotukosesha raha kila Desemba, wakati mvua ya vimondo vya Mapacha inapofikia kilele chake usiku wa kuamkia tarehe 14.

Desemba iliyopita ilisambaa mtaani kwetu taarifa ya kuwataka watu watazame kaskazini-mashariki. Majirani walitoka saa mbili usiku, wakasimama wamekodolea macho upande wa Marangu, na ilipofika saa nne wakaingia kulala wakiamini wamedanganywa. Binti yangu wa miaka minane, aliyekuwa amelala chali mkekani akitazama juu tu, alikuwa ameshaona vinne.

Taarifa ile haikusema uongo, ila iliishia njiani. Kaskazini-mashariki ndiko kinakochomozea kitovu, yaani mahali ambapo michirizi yote huonekana kama inatokea, karibu na nyota Castor katika kundi la Mapacha. Vimondo hivyo, ambavyo ni chembechembe zilizoachwa na asteroidi Phaethon, yaani mwamba unaozunguka Jua, huingia katika angahewa vikiwa sambamba, lakini sisi huviona kama vinatawanyika kutoka sehemu moja, kama vile reli mbili zinavyoonekana kukutana mbele ya mtu aliyesimama katikati yake. Kimondo kinachoonekana karibu na kitovu kinakujia usoni, hivyo mchirizi wake huwa mfupi. Ile mirefu, ambayo ndiyo inayompa mtu sababu ya kukesha, hupita mbali na hapo.

Hapa Moshi kitovu huchomoza kama saa mbili na nusu usiku, kikiwa chini mno, na kufikia saa nane na nusu huwa kimesimama kaskazini, juu ya Kibo, kimepita nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Huo ndio muda wa kutoka nje. Tafuta mahali pasipo na taa, weka simu mbali kwa nusu saa ili macho yazoee giza, kisha lala chali. Mlima ukifunikwa na mawingu, geukia kusini bila wasiwasi.

Nawaomba watakaosambaza taarifa mwaka huu wataje saa pamoja na upande, na waeleze wazi kwamba vimondo vitapita anga lote.

Msomaji wako,
Moshi