Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Kasulu: akina mama wanahitaji kisomo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

YAH: DARASA LA JIONI KWA AKINA MAMA WA VIJIJINI

Shikamoo. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Katika kikao chetu kilichopita tuligawiwa taarifa ya mapato na matumizi. Jirani yangu, ambaye namwita mama mdogo, aliikunja yake mara mbili akaifunga kwenye pindo la khanga. Kikao kikaisha hajatamka neno. Njiani akaniuliza kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani: zile fedha tulizochanga za choo cha shule, wameandika zimebaki ngapi? Swali hilo halikuulizwa na mjumbe yeyote kikaoni, nikiwamo mimi niliyesoma hadi kidato cha nne.

Mama mdogo si mtu wa kunyamaza. Kwenye kikoba chetu ana ufunguo mmojawapo wa sanduku, na hisa za kila mwanachama anazo kichwani, pamoja na nani anadaiwa na tangu lini. Lakini kikoba tunakiendesha kwa Kiha, na hesabu zinasomwa kwa sauti. Halmashauri inaendeshwa kwa karatasi, na kwa Kiswahili cha bakaa, makisio na mchanganuo. Kiswahili hicho sisi tulikipata darasani. Yeye alikuwa shambani akilea wadogo zake, kaka zake wakaenda shule.

Ndiyo maana nasema viti peke yake havitoshi. Katiba yetu imewatengea wanawake viti maalumu bungeni, jambo jema sana. Lakini Ibara ya 67 ya Katiba hiyo hiyo inamtaka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Kiha hakimo. Mwanamke wa kwetu aliyekosa shule amefungiwa mlango kabla hata ya kuchukua fomu.

Najua kuna watakaonijibu kwa Bibi Titi Mohamed, kwamba hakusoma sana na bado aliwaingiza maelfu ya wanawake TANU. Ni kweli, na namheshimu mno. Lakini Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam, Kiswahili ni lugha aliyonyonya, na vikundi vya ngoma vilikuwa vimeshampa jukwaa na sauti. Wala asiseme mtu kwamba Waha hawajazoea uongozi wa mwanamke. Mwami, yaani chifu, Theresa Ntare alikalia kiti cha utawala wa Heru, hapa hapa Kasulu, tangu miaka ya 1940.

Nchi hii iliwahi kuliweza jambo hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia 1986 walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 10. Bibi zetu walisoma chini ya miembe. Kijijini kwetu kisomo kilikufa kimyakimya, na wasichana waliokatishwa shule kwa ujauzito wameongeza idadi. Serikali iliwafungulia mlango wa kurudi Novemba 2021, ila wapo wengine hapa ambao mpaka leo hawajaambiwa.

Ninaloomba ni darasa la akina mama, baada ya mavuno, jioni wakishatoka shamba. Wasifundishwe kwa vitabu vya watoto. Wafundishwe kwa muhtasari wa vikao na taarifa za fedha za kijiji chao, ili wakijua kusoma wawe wamejua pia cha kuuliza. Na hadi wajue, agiza taarifa zisomwe kikaoni kwa sauti na kufafanuliwa kwa Kiha.

Shule yetu ya msingi ina chumba ambacho kuanzia saa kumi jioni hakina mtu. Ubao upo, madawati yapo. Mwalimu akichelewa kupatikana, nitaanza mimi, siku mbili kwa wiki, bila posho. Nahitaji kibali chako na chaki.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji,
Kasulu, Kigoma