Barua ya wazi kwa Waziri wa barabara Zanzibar: bega la lami nje ya Jozani, mwendo mdogo ndani yake

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

YAH: WAENDESHA BAISKELI KATIKA BARABARA ZA JOZANI, PAJE NA CHARAWE

Tunakuandikia sisi waendesha baiskeli wa Unguja kuhusu barabara mbili. Ya kwanza ni hii ya lami itokayo mjini, ikapita Tunguu, Pete, Jozani na Kitogani hadi Paje. Ya pili ni ya Jozani–Charawe–Ukongoroni–Bwejuu, kilomita 23.3, iliyomo katika mpango wa serikali wa ujenzi wa barabara. Ukiziunganisha kwa kipande cha Paje–Bwejuu unapata mduara wa kilomita zisizopungua 40, tambarare, wenye msitu, uwanda wa mawe na pwani. Kisiwa hiki hakina njia ya baiskeli nzuri kuliko hiyo.

Ombi letu ni moja lenye pande mbili. Nje ya msitu wa Jozani, jengeni bega la lami, yaani ukanda wa pembeni wa kupitia baiskeli, pande zote za barabara. Ndani ya msitu msipanue hata shubiri, ila gari zilazimishwe kwenda polepole.

Wanaopita hapo si waendesha baiskeli wa mashindano peke yao. Yupo mwenye baiskeli ya Phoenix na gunia la mwani kwenye keria, yupo mwanafunzi aliyempakia mdogo wake, na yupo mgeni aliyekodi baiskeli Jambiani ambaye kwao gari zinakwenda mkono wa kulia. Wote hawa wanagombania ukingo uleule wa lami, na ukingo huo ndio unaoangusha watu.

Tungependa wahandisi wako wautazame kwa karibu. Mvua za masika zinapokwisha, maji yanakuwa yameshakokota kifusi cha pembeni, na lami inabaki juu kama ngazi. Daladala ya Makunduchi inapiga honi nyuma, mwenye baiskeli anateremka kuipisha, kisha anataka kurudi juu. Hapindi kwa nguvu kwa sababu akifanya hivyo atatokea katikati ya njia ya gari, kwa hiyo anarudi taratibu, kwa pembe ndogo. Ngazi ikizidi sentimita tano, tairi la mbele halipandi. Ubavu wa tairi unasugua ukingo, gurudumu linalazimika kufuata mstari wa lami, na mwili umeshalalia upande wa barabara. Usukani unafungika na mtu anaangukia upande wa barabara, mbele ya gari inayofuata. Mzoefu anajua kusimama kabisa na kuinyanyua baiskeli. Mtoto hajui, na mwenye gunia hawezi.

Dawa yake si ghali. Lami inapomwagwa, ukingo wake usikatwe wima, bali ushindiliwe kwa mteremko wa nyuzi 30 hivi, ili hata kifusi kikiondoka tairi lipande. Kifusi cha pembeni nacho kijazwe hadi usawa wa lami na kushindiliwa kwa mashine, kwa kuwa kikimwagwa tu mvua ya kwanza inakichukua. Baada ya kila masika, mtu apite na rula, na kila palipozidi sentimita tano pajazwe.

Kuhusu bega lenyewe, tunaomba mita moja na nusu kila upande, lenye mstari mweupe usiokatika, na lami yake iwe ileile ya njia ya gari. Pakitumika kokoto kubwa za milimita 14 au 20 begani kwa kubana matumizi, waendesha baiskeli watalikimbia na kurudi kwenye njia laini ya gari, na fedha itakuwa imepotea. Tairi la baiskeli ya mbio lina upana wa milimita 25 hadi 28, na kila kokoto linafika mkononi. Penye makutano na njia za mashamba na vijiji, tieni lami mita 10 hadi 15 za kwanza za ile njia ndogo. Bila hivyo gari zinazotoka huko huburuta changarawe ya matumbawe hadi begani. Changarawe hiyo ina makali, na ndiyo inayotoboa tairi nyingi kuliko misumari.

Upepo nao uingie katika hesabu, kwani sehemu ya Kitogani hadi Paje ni uwanda mtupu. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, mtu anayetoka mjini anaupokea usoni. Anachoka, lakini anakwenda sawa. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ndiyo ya hatari. Msafiri wa Paje inamjia kutoka kushoto, na sisi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kila dharuba inamsukuma kulia, kwenye njia ya gari. Pale miti inapokwisha na uwanda kuanza, dharuba humpiga ghafla na inaweza kumtoa nusu mita nzima. Hapo hasa ndipo panapohitaji bega pana, na kibao cha kuwaambia madereva waache mita moja na nusu wanapopita. Kama fedha haitoshi pande zote mbili kwa mwaka mmoja, anzeni na upande wa kwendea Paje, kutoka Kitogani.

Sasa tuingie msituni. Hapa tunajua baadhi ya wenzetu wangependa lami ipanuliwe, nasi hatukubaliani nao. Kima punju hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Sensa kubwa ya muongo uliopita ilikadiria kuwa wako zaidi ya 5,800, na makundi yanayofahamika zaidi ndiyo haya yanayovuka barabara ya Jozani kwenda na kurudi mashambani. Matawi yakikutana juu ya barabara, kima anavuka juu kwa juu. Mkikata mita mbili za miti kila upande ili kupata bega, mtamteremsha chini kwenye lami, na dereva akiona barabara pana ataongeza mwendo. Hasara itakuwa ya kima na ya baiskeli pamoja.

Kinachosaidia ni matuta. Barabara hii ilipotiwa lami upya miaka ya 1990 kima waligongwa sana, na matuta manne yalipowekwa vifo vikapungua. Hesabu inaeleweka: gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa sekunde moja, la kilomita 30 linakwenda mita nane. Dereva anayetoka kwenye jua kali na kuingia kivulini haoni vizuri kwa sekunde mbili tatu za mwanzo, na ndani ya muda huo anaweza kumaliza mita 60 bila kumwona kima wala baiskeli. Tuta la kwanza kila upande liwe nje ya kivuli, kabla ya miti kuanza.

Lakini tuta lina namna yake. Tuta fupi lililosimama kama kizingiti linabana tyubu kwenye ringi na kutoa matundu mawili sambamba, na kwa baiskeli yenye mzigo hukata spoki za nyuma. Tuta refu la mita 3.7 lenye kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, linalopanda na kushuka kwa mviringo, linapunguza mwendo wa gari vilevile na baiskeli hupita bila kuumia. Kila ubavu wa tuta uachwe mwanya wa usawa wa sentimita 80 hadi 100. Pikipiki nazo zitaupitia, na tunalikubali hilo. Usiachwe wa sentimita 40, maana pedali itagonga tuta, wala usiishie mtaroni. Rangi irudiwe kila mwaka, kwa sababu tuta lililofifia halionekani chini ya kivuli cha miti.

Msitu wa Jozani unasimama juu ya maji, na masika majani yaliyooza hujikusanya ukingoni mwa lami yakawa kama sabuni. Ringi ya chuma ya Phoenix ikilowa, breki zinashika kwa shida. Kufagia ukingo mara moja kwa wiki kuanzia Machi hadi Mei ni kazi ya watu wawili wenye mafagio na toroli, na vijana wa Pete na Kitogani wanaweza kupewa ajira hiyo.

Barabara ya Charawe na Ukongoroni ndiyo nafasi ya kufanya yote haya kwa bei ndogo. Bega likijengwa pamoja na tabaka za chini, gharama yake ni kifusi na lami ya ziada. Likisubiri miaka mitano, itabidi kuchimba mtaro upya, kuhamisha nguzo na kukata lami nzima. Popote kazi ilipofikia, tunaomba michoro iangaliwe tena kabla ya tabaka la mwisho la lami, na masheha wa Charawe na Ukongoroni waulizwe watoto huvukia wapi kwenda skuli. Inapopakana na hifadhi, kanuni iwe ileile: matuta, na miti isiguswe.

Masika hayangoji bajeti. Kwa kuanzia tunaomba mambo matatu kabla ya mwezi wa tatu: ukingo ujazwe kutoka Kitogani hadi Paje, matuta ya Jozani yapakwe rangi na kuchongwa mwanya, na wizara itaje ofisa mmoja ambaye mtu akikuta shimo anaweza kumpelekea picha na jina la mahali. Orodha ya sehemu mbovu tunayo, kilomita kwa kilomita, na tuko tayari kuipitia na wahandisi wako siku yoyote watakayotupangia, barabarani penyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Waendesha baiskeli wa Unguja