Mheshimiwa Waziri, siku za ugonjwa zisinunuliwe, ziwekwe akiba

Kwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda cha vyakula hapa Industrial Area, upande wa Lunga Lunga Road. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo wenzangu wengi wanalitaka na mimi silitaki: kwamba asiyetumia siku zake za ugonjwa alipwe pesa mwaka ukiisha.

Kilio chao nakielewa. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Asipougua, zinapotea. Ukiacha kazi unalipwa likizo ya mwaka ambayo hukuichukua. Za ugonjwa, hakuna. Mtu wa Mukuru mwenye kodi ya nyumba na karo anasema: nimeamka alfajiri mwaka mzima, sijakosa hata siku moja, nimepata nini? Ni swali la haki.

Lakini nimeona pesa zinavyomfanya mgonjwa. Kwetu kuna bonasi ya mahudhurio. Ukikosa siku moja, hata ukiwa na karatasi ya daktari, bonasi ya mwezi huo imekwenda. Mama mmoja wa upande wa kupakia alikohoa wiki nyingi nyuma ya barakoa. Kikohozi kikimshika aligeuza uso kutoka kwenye mkanda wa mashine, akangoja kipite, kisha akarudi kushika pakiti. Tulimwambia aende zahanati. Akasema ataenda mwezi ukiisha. Alipokwenda, ilikuwa TB. Msimamizi aliyekuwa akimwona kila siku hakusema neno, maana kazi ilikuwa inaenda.

Sasa juu ya bonasi hiyo ongeza malipo ya siku zote za mwaka. Nani atabaki nyumbani? Desemba ikikaribia, na karo ya Januari ikisubiri, watu watakuja na homa, watakuja wanaharisha, na sisi ndio tunaofunga chakula chenu.

Dawa za TB kwa kawaida ni miezi 6. Mgonjwa halali kitandani muda wote huo, ila wiki za mwanzo bado anaweza kuambukiza wengine, na nguvu hana. Siku 14 za sheria zilimwishia yule mama upesi, nusu yake kwa nusu mshahara. Tukamchangia. Alikuwa ametumikia kiwanda miaka mingi akiwa mzima, na siku za miaka hiyo yote hazikumfaa kwa lolote.

Hapo ndipo nionapo dhuluma. Wapo wanaosema siku za ugonjwa ni sawa na chama cha mazishi, kwamba hudai mchango wako urudishwe kwa kuwa mwaka huu hukufiwa. Kweli. Lakini pesa za chama hubaki kwenye chama zikingoja msiba. Siku zetu hurudi kwa mwajiri kila mwaka, na ukija kuugua vibaya unaanza na zile zile 7.

Kwa hivyo naomba kifungu cha 30 kirekebishwe, siku zisizotumika zisogezwe mbele mwaka hadi mwaka, ziwe akiba ya upasuaji, ya saratani, ya ajali ya barabarani. Kiwekwe kikomo, tuseme siku 60, ili mwenye kiwanda kidogo asilemewe. Si jambo geni. Wafanyakazi wa serikali kuu ya Marekani huzilimbikiza siku za ugonjwa bila kikomo, na wakistaafu hawapewi pesa taslimu. Siku hizo huongezwa kwenye muda wa utumishi wakati wa kupiga hesabu ya pensheni. Pia sheria imkataze mwajiri kumnyima bonasi mtu aliye na karatasi ya daktari. Hilo la pili lingetusaidia hata kesho.

Halafu kuna vibarua, ambao mjadala huu wote unawapita. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi anastahili masharti sawa na mwajiriwa, siku za ugonjwa zikiwemo. Wenye viwanda wanakijua vizuri. Ndiyo maana vijana huambiwa wapumzike kabla muda haujatimia, kisha wanaitwa upya kama wageni. Kibarua akiugua haombi ruhusa. Anakaa bila kulipwa, na akirudi anakuta nafasi yake imechukuliwa.

Wakaguzi wako wa leba wasianzie ofisini kwa meneja. Watume getini saa kumi na mbili asubuhi, vibarua wanapochaguliwa, wawaulize mmoja mmoja ni nani aliyewahi kulipwa siku aliyougua.

Wako mtiifu,
Mwakilishi wa wafanyakazi,
Industrial Area, Nairobi