Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: anayetoa dawa afundishwe mageuko

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: SOMO LA MAGEUKO KATIKA MAFUNZO YA WATUMISHI WA AFYA

Mheshimiwa Waziri,

Nafundisha matabibu katika chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linamgusa kila mtu anayemeza dawa nchini. Ombi langu ni kwamba nadharia ya mageuko, yaani namna viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, ile aliyoichapisha Charles Darwin mwaka 1859, ifundishwe kwa kina kwa kila tabibu, muuguzi, mteknolojia wa maabara na mtoa dawa, kama tunavyowafundisha mzunguko wa damu.

Vijana wanapofika chuoni, mageuko wanayoyajua ni ya kidato cha nne: shingo ya twiga, Lamarck aliyesema ilirefuka kwa kunyooshwa alikosea, Darwin akapatia, mtihani ukapita. Nikiwauliza kwa nini klorokwini iliacha kutibu malaria, darasa zima hunijibu kwamba vimelea vilizoea dawa. Wachache huongeza kwamba wagonjwa hawakumaliza dozi. Majibu hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana nayasikia pia kwa watumishi walio kazini kwa miaka mingi.

Kimelea hakizoei dawa. Mgonjwa mmoja wa malaria hubeba vimelea kwa mabilioni, na havifanani vyote. Kila kimoja kinapojigawa hunakili vinasaba vyake, na katika kunakili huko hutokea makosa. Makosa mengi hayana faida, mengine hukidhuru kimelea chenyewe, na mara moja moja sana hutokea kosa linalokifanya kihimili sumu ambayo wenzake hawaihimili. Dawa ikiingia, inafyeka wale wengi na kumwachia uwanja huyo mmoja. Mbu anayekuja baadaye anabeba uzao wake. Mkulima anayetenga mahunzi ya mbegu hufanya kazi hiyo hiyo, ila yeye anajua anachokichagua. Sisi tumekuwa tukichagua kwa miaka hamsini bila wengi wetu kujua kwamba tunachagua.

Historia tunayo. Usugu dhidi ya klorokwini ulianzia mbali na kwetu, ukafika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Tuliendelea kuitoa dawa hiyo hadi mwaka 2001, tulipohamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), ambayo haikutusaidia kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, yaani dawa mbili kwa pamoja, moja ya jamii ya artemisinini na nyingine lumefantrini, tunayoitegemea hadi leo. Sasa tazama kilichotokea kwa jirani zetu wa Malawi. Wao waliiacha klorokwini mapema, mwaka 1993. Bila dawa hiyo kuzunguka katika damu za watu, vimelea sugu vilikosa faida yao, na vile vya kawaida, vyenye nguvu zaidi pasipo dawa, vikarudi kutawala. Watafiti walipoijaribu tena klorokwini kwa watoto wa Blantyre mwaka 2005, ilitibu kwa asilimia 99. Mtu aliyefundishwa kwamba vimelea "vilizoea" hana namna ya kulielezea tukio hilo. Aliyefundishwa uteuzi asilia, yaani kuchagua huko nilikokueleza, analitarajia.

Mheshimiwa, naomba nikupeleke kwenye meza ya maabara. Mtoto ameanza dawa mseto Jumatatu, na Alhamisi mama yake anamrudisha. Homa imeshuka, mtoto anachezea kamba ya begi la mama. Mteknolojia anamtoboa kidole, anapaka tone nene kwenye kioo, analiacha likauke, analitia rangi ya Giemsa, kisha anadondosha mafuta na kushusha lenzi ya 100. Kwa miaka mingi tumezoea kukuta damu imesafika kufikia siku hiyo ya tatu. Safari hii, akisogeza kioo taratibu, anaona kipete chembamba chenye nukta nyekundu ya zambarau, yaani kimelea cha malaria, na mbele kidogo kipete kingine. Mama anaona mtoto amepona, na kweli mara nyingi atapona, kwa kuwa dawa ya pili ndani ya mseto, lumefantrini, inamalizia kazi. Lakini vipete hivyo vya siku ya tatu ni habari nzito. Vinatuambia kwamba artemisinini inaua polepole kuliko ilivyokuwa ikiua, na kwamba mzigo mkubwa umeanza kubebwa na lumefantrini.

Hilo limeshathibitishwa kwetu. Utafiti uliofanyika Karagwe, mkoani Kagera, mwaka 2022 ulikuta watoto ambao vimelea vyao vilichelewa kuisha, na vimelea hivyo vilibeba badiliko la kinasaba liitwalo R561H katika jeni ya K13. Badiliko hilo hilo lilikuwa limekwisha kuonekana Rwanda, na uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba lilizuka huko huko, halikuletwa na msafiri kutoka Asia. Uganda nako yameonekana mabadiliko mengine ya jeni hiyo. Klorokwini ilitufundisha kuutazama usugu kama mgeni anayebisha hodi mpakani. Huu wa sasa umezaliwa nyumbani, kwa dawa tunazozitoa wenyewe. Na Kamboja inatuonyesha mwisho wa njia hiyo: artemisinini ilipolegea, dawa mwenza nayo ikazidiwa, na tiba nzima ikaanza kushindwa.

Watu wengi huona mageuko ni habari za mifupa ya Olduvai. Naiheshimu mifupa hiyo, na najivunia kwamba fuvu la Zinjanthropus lilipatikana katika ardhi yetu mwaka 1959. Ila kwa mtumishi wa afya jambo kubwa zaidi katika nadharia hii ni namna inavyobadilisha kufikiri. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili wanafalsafa wengi, hasa waliofuata njia ya Plato na Aristotle, waliamini kwamba kila aina ya kiumbe ina kiini chake kisichobadilika, na kwamba tofauti kati ya mmoja na mwenzake ni kasoro ndogo zisizo na uzito. Darwin aliligeuza wazo hilo. Kwake tofauti ndizo zenye uzito, na aina ni kundi la viumbe mmoja mmoja wasiofanana, kundi ambalo sura yake hubadilika kadiri wengine wanavyoacha uzao na wengine wasivyoacha. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika mapema karne iliyopita kwamba pigo hilo liliitikisa namna nzima ya kuutafuta ukweli katika vitu visivyobadilika. Mtumishi anayesema "dawa hii inatibu malaria" kana kwamba malaria ni kitu kimoja, cha jana na cha leo, anafikiri kwa falsafa ile ya kale. Mgonjwa wake analipia.

Sitaki nijifanye sijui upande mwingine wa historia hii. Nadharia ya mageuko ilitumiwa vibaya, tena hapa hapa jirani. Nairobi mwaka 1933, daktari H. L. Gordon na wenzake walianzisha chama cha kile walichokiita uboreshaji wa mbari. Daktari F. W. Vint akapima ubongo wa Waafrika waliofariki, na kutokana na vipimo hivyo wakadai kwamba akili ya Mwafrika ina kikomo cha kimaumbile, wakatumia dai hilo kutilia shaka elimu kwa watoto wetu. Wanafunzi wangu wanastahili kuyajua hayo, na huwaambia bila kupunguza. Kisha nawaonyesha kosa lilipokaa. Watu wale walilitaja jina la Darwin huku wakishikilia wazo alilolivunja, wazo la aina zenye viini vilivyopangwa juu na chini. Mwaka 1972 mtaalamu wa jenetiki Richard Lewontin alipima tofauti za kinasaba za binadamu akakuta takriban asilimia 85 zimo ndani ya kila jamii, kati ya mtu na jirani yake, na sehemu ndogo tu ndiyo inayotenganisha kile kilichoitwa mbari. Sayansi ile ile, ikifanywa kwa uaminifu, ndiyo iliyoufuta uongo ule.

Na kuna jambo ambalo sayansi hiyo imelifanya kwa mama zetu. Inakadiriwa kwamba kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kila tabibu amewahi kukaa na mama anayeuliza ukoo wao ulimkosea nani. Mume anasema ugonjwa umetoka upande wa mke, bibi anataja laana, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Jibu letu limetoka eneo hili hili. Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alikusanya damu mwaka 1949 akaona kwamba wenye kubeba nusu ya hali hiyo ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu kwenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: palipo na malaria nyingi, mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu analindwa. Tafiti za baadaye kule Kilifi, pwani ya Kenya, zilionyesha kwamba ulinzi huo hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90. Jeni hiyo ilibaki katika damu zetu kwa kuwa iliokoa watoto wengi wa mababu zetu, na gharama yake inaangukia mtoto anayeirithi kwa wazazi wote wawili. Nimeona uso wa baba ukilegea anapoelezwa hivyo kwa lugha ya kawaida. Hakuna aliyemkosea mtu. Baada ya hapo ndipo anapoweza kusikiliza habari za dawa ya hidroksiyurea, kliniki na kupima watoto wengine.

Naomba nirudi kwenye dozi, maana hapo ndipo panapochanganya watu. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba siku itafika penisilini itauzwa dukani, na mtu asiyejua atajipa kiasi kidogo kinachowafundisha vijidudu kuihimili. Onyo lake lilikuwa sahihi, nasi tumelifupisha kuwa "maliza dozi". Kwa kifua kikuu na malaria, maneno hayo ni ya kuokoa maisha, na simwambii yeyote aache dawa aliyoandikiwa. Lakini mtumishi aishie hapo, atadhani usugu huletwa na wagonjwa wazembe peke yao. Antibayotiki anayopewa mtoto mwenye mafua ya virusi, hata aimalize kidonge kwa kidonge, haitamsaidia na mafua, na itafyeka bakteria wa tumboni mwake na kuwaacha walio sugu. Kidonge kisichohitajika kinateua sawasawa na kidonge kilichokatizwa. Kampeni yetu ya UVIDA (usugu wa vimelea dhidi ya dawa) ingepata nguvu mara mbili kama muuza duka la dawa muhimu angeelewa sentensi hiyo moja. Akiulizwa vidonge vya antibayotiki vya rangi mbili kwa ajili ya kikohozi cha siku mbili, angekuwa na sababu yake mwenyewe ya kukataa, bila kungoja mkaguzi.

Si dawa peke yake. Mbu wa Kanda ya Ziwa wamekuwa sugu kwa pairethroidi, dawa ya vyandarua vya kawaida, na dawa za jamii hiyo hiyo hupulizwa mashambani. Misungwi, mkoani Mwanza, matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba vyandarua vyenye nyongeza ya dawa nyingine, klofenapiri, vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili vikilinganishwa na vya kawaida. Ni ushindi mkubwa wa watafiti wetu, na utadumu tukiutunza. Hata kipimo cha haraka cha malaria hakijasalimika. Kinatafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, na Eritrea vimelea visivyo na jeni ya protini hiyo vilienea hadi nchi ikalazimika kubadili vipimo, kwa sababu mgonjwa aliyepimwa "hana" alirudishwa nyumbani bila dawa na kimelea chake kikaendelea kuzaana.

Najua wapo watakaouliza kuhusu dini. Darasani kwangu wanakaa Waislamu, Wakristo wa madhehebu yote na wengineo. Hakuna niliyemtaka aache imani yake, na hakuna aliyeshindwa kuona vipete vya siku ya tatu.

Ninachokiomba kinawezekana kwa fedha kidogo, Mheshimiwa. Wizara ikae na NACTVET (baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi) na walimu wa vyuo, iandaliwe sehemu ya masomo kuhusu mageuko ya vimelea, ya mbu na ya binadamu, itumie takwimu za Karagwe, Misungwi na Kilifi badala ya shingo ya twiga, na mtihani wake umpe mwanafunzi mgonjwa na uamuzi wa kufanya. Watoa dawa wa maduka wapate siku moja ya mafunzo hayo wanapohuisha vibali. Matokeo ya vinasaba vya vimelea yanayopatikana Kagera na mikoa jirani yarudi kwenye zahanati zilizotoa damu hiyo, kwa Kiswahili, kila robo mwaka, ili tabibu wa Karagwe ajue kinachotokea mezani pake kabla hajakisoma mtu wa Geneva.

Kuhusu dawa mseto, usisubiri. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani unataka tiba ibadilishwe inaposhindwa kwa zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa. Kufikia hapo uteuzi utakuwa umefanya kazi yake kwa miaka. Kanda ya Kaskazini Magharibi ianze sasa kutumia mseto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, ili kimelea kinachoponea lumefantrini kikutane na dawa nyingine kwa mgonjwa anayefuata, na Bohari ya Dawa ielekezwe kuagiza kwa mpango huo kuanzia bajeti ijayo. Chuo chetu kiko tayari kujaribisha somo hilo kwa darasa la mwaka huu, na walimu wenzangu wameniruhusu niliseme hilo kwa niaba yao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi wa matabibu,
Kanda ya Ziwa.