Moto wa Juni si moto wa Oktoba

Darwin, Australia, 14 Juni

Kwako swahiba Bakari,

Salaam nyingi, na uwasalimie wote hapo nyumbani. Barua yako imefika. Habari ya kamati yenu ya msitu kutaka kumtoza faini yeyote atakayewasha moto porini, mwezi wowote, nimeisoma mara mbili. Najua mmeumia. Mizinga yote ya nyuki ya mzee kuteketea Oktoba iliyopita si jambo dogo. Lakini kabla hamjaipitisha sheria hiyo nisikilize, maana wiki iliyopita nimeona jambo nikatamani ungekuwa ubavuni mwangu.

Nilialikwa na marenja, yaani walinzi wa pori, wa Kibininj, wenyeji wa Arnhem Land, mashariki ya mji huu. Huku kama huko Kilwa, mvua zimekatika na nyasi zinaanza kugeuka rangi. Mama mmoja wa makamo alikamata bua, akalikunja. Likapinda tu. Akasema bado, tukapanda juu kidogo. Kule bua likakatika, ta! Ila shinani lilikuwa bado na ubichi. Hapo ndipo alipowasha. Moto ukatambaa, haukunifika magotini. Mwewe walikuja wakawa wanadaka panzi waliokuwa wakikimbia moshi. Jioni upepo ulitulia, umande ukashuka, moto ukalala wenyewe bila mtu kumwaga hata ndoo ya maji. Asubuhi nchi ilikuwa viraka viraka, hapa peusi, pale kijani, na miti imesimama na majani yake.

Hivyo viraka ndivyo vinavyokuja kuukata miguu moto kichaa wa Septemba na Oktoba, ule unaopanda mpaka vileleni.

Bakari, wazee wao walifanya hivi tangu enzi na enzi. Katikati ya karne iliyopita watu wengi walihamia misheni na mijini, uwanda wa juu ukabaki bila watu. Usidhani pori lilistarehe. Nyasi zilirundikana, na kila mwisho wa kiangazi moto ulifagia maeneo makubwa, hata misitu ya anbinik, miti mikubwa ya kale isiyopatikana kwingine duniani, ikawa inaliwa pembeni. Mzee Bardayal Nadjamerrek, mchoraji mashuhuri, ndiye aliyeshikilia kwamba watu warudi kwao, akarudi Kabulwarnamyo na familia yake. Wanasayansi wakaja kukaa naye chini. Alifariki mwaka 2009, lakini kazi aliiona imesimama.

Mwaka 2006 uliwekwa mkataba: kiwanda cha gesi hapa Darwin kikaanza kulipa takriban dola milioni moja za Australia kwa mwaka, kwa miaka 17, ili moto uwashwe mapema kwenye kilomita za mraba 28,000, kama wilaya yenu mara mbili. Lengo lilikuwa kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, sawa na tani 100,000 za hewa ukaa kila mwaka. Hewa ukaa ya nyasi zenyewe hawaihesabu, kwa sababu nyasi za mvua ijayo zinaivuta tena. Wanahesabu methani na naitrasi oksaidi, ambazo hunasa joto kuliko hewa ukaa mara nyingi, na zinapungua kwa kuwa kinachoungua kwa mwaka mzima ni kidogo.

Kwamba mlipaji alikuwa mchimba gesi, hilo linanikera na sitakuficha. Gesi inayouzwa itachomwa tu huko iendako. Lakini fedha hizo zimewalipa vijana mishahara ya kukaa kwenye ardhi ya babu zao badala ya kuzurura mjini, na hilo nalo nimeliona kwa macho.

Kwa hiyo naomba, msimtie mtu wa Juni na mtu wa Oktoba kwenye faini moja. Nenda kwa babu yako kabla hajalala leo. Muulize zamani waliwasha mwezi gani, walianzia upande gani wa mizinga, na walijuaje kwamba nyasi ziko tayari. Andika maneno yake kama atakavyoyasema, uyapeleke kwenye kamati, na nakala uniletee mimi.

Wako,
Hamisi