Unameza vitamini za nywele? Tuambie kabla hatujakutoa damu

Assalaam alaykum wateja wetu. Juzi hapa maabara kaja bi harusi mtarajiwa mmoja, kaandikiwa kipimo cha thairoidi kwa vile anajihisi kachoka kachoka tu, tukamtoa damu, majibu yanatoka TSH (homoni ya kichwani inayoliamrisha tezi lifanye kazi) iko chini kabisa na T4 (homoni ya tezi lenyewe) iko juu, yaani ukisoma karatasi tezi lake la shingo linakwenda mbio, moyo ulitakiwa umdunde na mikono imtetemeke. Mtu mwenyewe kakaa katulia kwenye kiti, mapigo 72, jasho hana, tena analalamika ananenepa na gauni limeshashonwa. Khaa!

Tukamuuliza bibie unatumia dawa gani? "Situmii dawa mie." Na vitamini je? Ndo akatoa kwenye pochi kichupa cha vidonge vya nywele na kucha, biotini mikrogramu 10,000 kidonge kimoja, na mtu mzima kwa siku zinamtosha kama 30. Kwake yeye ile si dawa, ni urembo kama hina.

Sasa mashine yetu (sio zote zipo hivi) inatumia biotini kama kulabu ya kunasia homoni kwenye vipunje vidogo vidogo. Fanya vipunje ni daladala la Darajani: biotini ya kidonge inawahi viti vyote, TSH inabaki kituoni, mashine ikihesabu abiria inaona wachache. Kwenye T4 hesabu inakwenda kinyume, abiria wakipungua ndo inasoma homoni nyingi. Yaani uongo wa huku unaunga mkono uongo wa kule, hata daktari anaweza kuamini akamuanzishia mtu dawa za kutuliza tezi na hana maradhi hayo. Marekani FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, walishatahadharisha hili tokea 2017.

Aliacha vidonge siku mbili, akarudi, majibu sawasawa. Hatukumlipisha, maana kuuliza tulisahau sisi.

Wapo wachache ambao kingamwili za damu yao wenyewe ndo zinazoichanganya mashine, hao tunaizimua sampuli tuone kama hesabu inashuka inavyopaswa, isiposhuka tunaipeleka kwenye mashine ya aina nyengine.

Kama biotini umepewa na daktari usiache kwa kichwa chako, muulize kwanza. Wanaomeza levothairoksini (dawa ya tezi lililozembea), siku ya kipimo mezeni baada ya kutolewa damu. Na kichupa njoo nacho hata kama kimeandikwa Kichina.